Pilau ya Kabul na Tumbo la Pwani: Tunapoonja Chakula Kigeni kwa Mara ya Kwanza



Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo ambalo familia nyingi za huku kwetu, kuanzia Bagamoyo, Zinga na Mapinga hadi Bunju na Tegeta, hukutana nalo siku hizi. Jambo lenyewe ni kualikwa kula chakula cha kigeni katika mgahawa. Zamani mtu akitoka nyumbani alikula wali na maharage kwa mama lishe, au chapati na supu, akaridhika. Leo kijana anayefanya kazi Dar es Salaam humchukua mama yake siku ya sikukuu akampeleka kwenye mgahawa wa Kihindi, wa Kichina, wa Kihabeshi au wa Kituruki. Mwingine ana binti anayefanya kazi Dubai, au mtoto aliye masomoni London. Anakwenda kumtembelea, na jioni ya kwanza anawekewa sinia la chakula cha Kiafghanistan asichokijua hata jina.

Katika kazi yetu ya uuguzi tumeona watu wa aina mbili wanapofika mbele ya meza ya namna hiyo. Wa kwanza huogopa kila kitu. Hunywa soda tu na kurudi nyumbani na njaa, na kama ni mgonjwa wa kisukari aliyekwisha kuchoma sindano yake ya insulini, njaa hiyo yaweza kumwangusha njiani. Wa pili hula kila kinachokuja kwa kuwa kimelipiwa, na kinachobaki hukifunga akakila kesho yake asubuhi. Tumbo likichafuka, wote wawili husema neno lilelile: "Ni kile chakula cha kigeni."

Sisi tunasema hapana. Mara nyingi ugeni wa chakula hauna kosa lolote. Kinachodhuru ni vitu tunavyovijua hata majumbani mwetu, yaani mikono michafu, maji yasiyo salama, chakula kilichokaa muda mrefu bila moto, na kula kupita kiasi. Ili tuelewane vizuri tumechagua chakula cha Afghanistan kuwa mfano wetu.

KWA NINI AFGHANISTAN?

Kwanza, watu wa nchi hiyo wamekuwa majirani zetu kuliko tunavyodhani. Mwezi Agosti 2021, serikali ya Kabul ilipoanguka, Uganda ilipokea Waafghanistan 51 waliotua Entebbe. Mwezi huohuo shule ya bweni ya wasichana iitwayo SOLA ilihama kutoka Kabul na kuja Rwanda, wanafunzi pamoja na walimu wao. Katika miji kama Dubai, London na Hamburg, migahawa na matanuri ya mikate ya Waafghanistan ni vitu vya kawaida, na huko wako ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki.

Pili, chakula hiki ni ndugu wa chakula chetu cha pwani. Bagamoyo ni mji uliozoea wageni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji iliishia hapa, na majahazi yalivuka kwenda Unguja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka 1868. Waliwakuta Waarabu, Wahindi wenye maduka, na Wabulushi walioajiriwa na masultani wa Zanzibar kuwa askari wao. Asili ya Wabulushi ni Baluchistan, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Pakistan, Iran na upande wa kusini wa Afghanistan.

Majahazi ya kaskazi hayakuleta watu na nguo peke yake. Yalileta pia mapishi pamoja na majina yake. Sisi tunasema pilau, Waafghanistan husema palau. Sisi tunasema sambusa, wao husema sambosa. Neno letu mdalasini linatokana na Kiajemi, na Waafghanistan wanaosema Kidari, ambacho ni Kiajemi cha kwao, huiita darchini. Zafarani, halua, kababu na chai wanavijua kwa majina yanayokaribiana sana na yetu. Hata mkate wa ajemi unaookwa Zanzibar unatukumbusha upande huohuo wa dunia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikaa mbele ya sinia la Kiafghanistan, hukai na mtu baki. Umekaa na binamu ambaye hamjaonana kwa muda mrefu.

UTAKACHOKUTA MEZANI

Afghanistan haina bahari. Ni nchi ya milima, ya ngano, ya kondoo na ya matunda yanayokaushwa. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati yao na sisi. Sisi wa pwani tumelelewa kwa samaki, nazi, muhogo na wali. Wao wamelelewa kwa nyama ya kondoo, mkate, mtindi, zabibu kavu na lozi. Hebu tuviangalie vyakula vyao vikuu.

Pilau ya Kabul. Hiki ndicho chakula chao cha heshima. Mchele mrefu hupikwa kwa supu ya nyama ya kondoo, na juu yake huwekwa karoti zilizokatwa nyembamba kama njiti pamoja na zabibu kavu. Mara nyingine huongezwa lozi na pistashio, zile kokwa ndogo za kijani. Viungo vyake ni iliki, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu na pilipili manga, karibu sawa na vya kwetu. Rangi ya kahawia hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa vizuri, kama ajuavyo kila mpishi wa shughuli hapa Bagamoyo.

Mantu. Ni vifuko vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama ya kusaga na vitunguu, vikapikwa kwa mvuke. Juu humiminwa mtindi wenye kitunguu saumu na rojo la nyanya au dengu. Kwa kuwa havikaangwi, vina mafuta machache kuliko sambusa.

Bolani. Ni kama chapati iliyojazwa viazi, boga au majani ya jamii ya kitunguu, kisha ikakaangwa.

Borani banjan. Ni biringanya zilizokaangwa, zikawekwa nyanya na mtindi. Ni mboga tamu, lakini ifahamike kuwa biringanya hunyonya mafuta kama sifongo.

Kababu. Hizi ni nyama za kuchoma kwenye mkaa. Nyingine ni vipande kama mishkaki yetu, nyingine ni nyama ya kusaga. Mara nyingi kati ya vipande vya nyama huchomekwa kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo.

Mkate, dughi na chai. Mkate wao mrefu huitwa nani, nao huokwa ndani ya tanuri la udongo. Dughi ni mtindi uliozimuliwa kwa maji, ukatiwa chumvi na nanaa. Mwisho huja chai ya kijani yenye iliki.

Jambo moja litawafurahisha wenye kuogopa pilipili: chakula cha Kiafghanistan kwa kawaida si kikali. Harufu yake inatokana na viungo vitamu zaidi kuliko pilipili kali.

Sisi wenyewe tulikionja mara ya kwanza tulipokuwa safarini, tukapita Dubai. Tulikuwa wauguzi watatu. Pilau ilipofika na zabibu zake juu, mmoja wetu aliuliza kama ule ni wali au ni keki. Baada ya tonge la pili hakuuliza tena. Lakini tuliona pia kwamba sahani iliyoletwa kwa mtu mmoja ingewatosha wawili wetu, na kwamba mkate mzima uliletwa pamoja na wali, kana kwamba wali peke yake si chakula cha kutosha. Hilo tutalirudia tunapozungumza na wagonjwa wa kisukari.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KULA

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa. Watoto wa chini ya miaka 5 peke yao ni 125,000. Sehemu ya dunia inayoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake ni Afrika yetu. Sisi watu wa ukanda huu hatujasahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kikaenea mikoa mingi. Basi, mgahawa uwe wa mwenyeji au wa mgeni, wenye viyoyozi au wenye benchi chini ya mwembe, tazameni mambo haya:

1. Mikono. Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni? Kwa Waafghanistan, kama kwetu pwani, mgeni huletewa birika na bakuli anawe mikono kabla ya kula. Desturi hiyo ni nzuri, lakini maji matupu hayatoshi. Ombeni sabuni, na kila mmoja amiminiwe maji yake. Kuchovya mikono wote katika bakuli moja ni kugawana vijidudu.

2. Moto. Chakula kilichopikwa kije mezani kikiwa kinatoa mvuke. Nyama ya kusaga ipasuliwe katikati. Ikiwa bado ni nyekundu, irudishwe jikoni bila kuona haya. Mshikaki wa kipande kizima vijidudu vyake viko zaidi juu, ambako moto unafika haraka. Nyama ikisagwa, vijidudu vya juu huchanganywa hadi ndani, ndiyo maana yapasa iive kabisa.

3. Maji na vitu vibichi. Kachumbari, saladi, barafu na juisi hutegemea maji yaliyotumika. Kama huna uhakika, kula kilichopikwa, kunywa chai ya moto au maji ya chupa iliyofunguliwa mbele yako. Tunda ulilolimenya mwenyewe ni salama kuliko lililokatwa likakaa kwenye sahani.

4. Maziwa. Mtindi una nafasi kubwa katika meza hii. Ulizeni kama maziwa yake yalichemshwa au yalitibiwa kiwandani. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa bruselosisi, unaofanya homa za kwenda na kurudi, jasho na maumivu ya viungo, na mara nyingine watu huudhania kuwa ni malaria. Mtu mzima ambaye maziwa fresh humjaza gesi, asikate tamaa. Mara nyingi mtindi humkubali zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kuliwa na bakteria wa mtindi.

HATARI YA KIPORO CHA WALI

Hapa tunaomba akina mama na akina baba wasome kwa makini, kwa maana ndilo jambo kubwa tuliloandikia makala hii.

Katika mchele mkavu kuna mbegu ngumu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizi hutoka katika udongo wa shambani, na kuchemka kwa wali hakuziui. Wali ukiwa wa moto sana, zinalala. Wali ukiwa baridi ndani ya jokofu, karibu zote zinalala. Lakini wali ukiwa vuguvugu, mbegu huamka, bakteria huzaliana kwa wingi na kutoa sumu. Sumu ile inayoleta kutapika haiharibiki kwa kupasha moto. Unaweza kukichemsha kiporo hadi kitoe moshi, ukawaua bakteria wote, na sumu yao ikabaki palepale.

Anayekula wali huo huanza kutapika kati ya saa 1 na saa 6 baadaye. Wapo wanaopata kuhara na tumbo kukata baada ya saa 6 hadi 15. Wengi hupona ndani ya siku moja, lakini mtoto mdogo au mzee anaweza kuishiwa maji mwilini upesi.

Sasa fikirini safari yetu. Mama amekula pilau ya Kabul mjini saa 8 mchana. Nusu imebaki, na yeye, kama mama yeyote mwenye huruma, anawakumbuka watoto. Chakula kinafungwa ndani ya kifuko cha plastiki. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi. Kuna kungoja gari, kuna foleni ya Mwenge na Tegeta, kuna joto la pwani ndani ya basi lililojaa. Akifika nyumbani ni saa 12 jioni. Watoto wameshakula ugali, kwa hiyo chakula kinafunikwa mezani hadi asubuhi. Saa 1 asubuhi kinapashwa moto, watoto wanakula wakienda shule, na kabla ya saa 5 mwalimu anapiga simu. Mama atasema chakula cha Waafghanistan ni kibaya. Lakini angebeba pilau ya harusi ya jirani yake kwa namna hiyohiyo, matokeo yangekuwa hayohayo.

Kanuni ni hii: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Baada ya hapo, kama hakijawekwa kwenye baridi, kitupwe. Tunajua kutupa chakula ni jambo la uchungu, na wengine huona ni dhambi. Njia bora ni kuagiza kidogo, kugawana sahani moja watu wawili, na kuwapelekea watoto kitu kisichoharibika, kama mkate mkavu au zabibu. Wenye jokofu waueneze wali kwenye sinia pana upoe upesi, wauweke ndani ya jokofu mapema, na waule kesho yake baada ya kuupasha hadi uwe moto kabisa, mara moja tu.

WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Wenye kisukari. Pilau, zabibu, mkate, na viazi ndani ya bolani vyote huongeza sukari katika damu. Chagueni kimoja, ama wali au mkate. Igaweni sahani kwa macho: nusu yake mboga, robo nyama, robo wali. Zabibu ziondolewe au zionjwe chache tu. Anayetumia insulini ya kuchoma wakati wa mlo asichome nyumbani kabla ya kutoka, kwa maana chakula cha mgahawani huchelewa. Achome kama alivyoelekezwa kliniki, chakula kikiwa kimekwisha kufika mezani. Na abebe pipi au sukari mfukoni.

Wenye presha. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha chumvi yote iliyomo katika vyakula. Supu iliyopikia wali, dughi, na achari vinaweza kumaliza kiasi hicho kwa mlo mmoja. Ombeni dughi isiyo na chumvi, na mafuta ya mkia wa kondoo yaachwe pembeni ya sahani.

Wajawazito. Nyama iive kabisa na mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Mambo haya mawili yanamlinda mama na mtoto aliye tumboni.

Wenye upungufu wa damu. Chai, iwe nyeusi au ya kijani, huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Wajawazito na wasichana wangoje walau saa moja baada ya kula ndipo wanywe chai.

Watoto. Lozi na pistashio nzima zisipewe watoto wa chini ya miaka 5, kwa sababu zinaweza kuwapalia na kuziba njia ya hewa. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama tu, hata kama meza imejaa.

Wenye mzio, au aleji. Hili tunalisisitiza kwa sababu sisi ni watu wa mikorosho. Korosho na pistashio ni mimea ya ukoo mmoja. Mtu ambaye korosho humwasha midomo au humvimbisha, kuna uwezekano mkubwa kuwa pistashio nazo zitamdhuru, hata kama hajawahi kuziona maishani. Amwambie mhudumu wazi, kabla ya kuagiza, kwamba hali karanga za aina hiyo. Dalili mbaya za mzio ni midomo au ulimi kuvimba, vipele mwili mzima, sauti kukwama, kupumua kwa shida au kizunguzungu. Huyo asingojee. Apelekwe hospitali mara moja akapate sindano, kwani dakika chache zinaweza kuokoa au kupoteza uhai.

TUMBO LIKICHAFUKA

Pamoja na uangalifu wote, yaweza kutokea. Jambo la kwanza ni kurudisha maji mwilini, wala si kukimbilia vidonge vya kuzuia kuharisha. Changanya pakiti moja ya ORS na lita 1 ya maji safi. Kama haipo, tia katika lita 1 ya maji salama vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa makini, kwani chumvi ikizidi inadhuru. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, aliyezidi miaka 2 apewe mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto anayeharisha hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama atakavyoelekezwa zahanati.

Mpeleke mgonjwa katika kituo cha afya bila kuchelewa ukiona: kinyesi chenye damu, kuhara maji kama ya mchele, kutapika kila anachokunywa, macho kudidimia, mkojo kukauka, homa kali, au mtoto kulegea na kushindwa kunyonya. Akifika, mweleze muuguzi alikula nini, saa ngapi, na dalili zilianza saa ngapi. Maneno hayo matatu hutusaidia sana kujua tunapambana na nini.

TUPIKE WENYEWE

Kwa familia zisizo na nafasi ya kwenda mgahawani, pilau ya Kabul inawezekana katika jiko la mkaa. Kwa watu 6 tafuta mchele mrefu nusu kilo, nyama ya kondoo, mbuzi au ng'ombe nusu kilo, karoti 3 kubwa, zabibu kavu konzi moja, vitunguu 2, mafuta vijiko vikubwa 3, iliki, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu na pilipili manga za kusaga.

Osha mchele, uloweke. Kaanga vitunguu kwa nusu ya mafuta hadi viwe vya kahawia. Tia nyama, igeuze hadi ibadilike rangi, ongeza maji, chumvi kidogo na nusu ya viungo, kisha chemsha hadi iive. Kata karoti nyembamba kama njiti, uzikaange kidogo kwa mafuta yaliyobaki, tia zabibu hadi zivimbe, uepue. Chemsha mchele katika maji mengi mpaka uwe na kiini kidogo tu, uuchuje. Uchanganye na supu kiasi cha kuulowesha na viungo vilivyobaki. Weka nyama chini, wali juu, karoti na zabibu upande mmoja. Funika vizuri, palia makaa machache juu ya mfuniko, uache kwa moto mdogo dakika 25 hivi.

Pakueni ukiwa bado wa moto, pamoja na mboga za majani au kachumbari iliyooshwa kwa maji salama. Mle wote kwa pamoja, na mpime mapema ili usibaki wa kulala.

Wapendwa wasomaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Chakula kigeni nacho ni mgeni. Kikaribisheni kwa mikono iliyonawa, kiliwe kikiwa cha moto, na kwa kiasi. Mwenye swali kuhusu afya ya familia yake aje kliniki, au amwone mhudumu wa afya wa kijiji chake. Tutamsikiliza.